Asilimia Thelathini na Tano ya Unyevu

Jumatatu, 3 Juni
Rada imewasili. Sanduku la rangi ya chungwa juu ya magurudumu manne. Ukiliburuta shambani, hupeleka wimbi ardhini na kulisubiri lirudi. Udongo mbichi hulichelewesha wimbi, mkavu huliachia lipite upesi. Unyevu naupimia kwa bomba la zamani lililofukiwa chini ya mashamba. Ramani ya mradi inasema lipo sentimita sitini kwenda chini. Wimbi hugonga bomba, hurudi, mimi napiga hesabu. Mwenyekiti wa kamati ya maji aliuliza kwa nini nisichimbe tu. Nilimjibu kwa nusu saa. Hakuuliza tena — nikadhani ameelewa.

Jumatano, 5 Juni
Shamba la shangazi: unyevu asilimia thelathini na tano! Maharage yake yametoa maua, na zamu yake ya maji ilikuwa ianze kesho. Alifinya udongo kiganjani, ukamwagika kama unga. "Mwanangu, hebu tazama. Huu haushikani." Nikamweleza kwamba kiganja ni chombo cha juujuu, na kwamba uso wa ardhi hudanganya. Tulibishana, nilishinda. Jioni, mbele ya kamati, alimwachia jirani zamu yake. "Mtoto wetu kasoma," alisema. "Akisema maji yapo, yapo." Walipiga makofi. Hata mimi, nakiri.

Ijumaa, 7 Juni
Maua yanapukutika. Nimelaumu wadudu.

Jumamosi, 8 Juni
Fundi bomba alinikuta nikiburuta rada. "Msomi, unalitafuta bomba langu? Chimba mpaka kiunoni." Kumbe mwaka juzi alilishusha chini zaidi, maana majembe yalikuwa yakilitoboa. Na ramani je? Akacheka: ramani nayo nani aliishusha?
Nimechimba. Sentimita tisini. Wimbi halikucheleweshwa na maji. Lilikuwa na safari ndefu tu. Hesabu mpya: asilimia kumi na saba. Kiganja cha shangazi kiliniambia hivyo tangu Jumatano, tena bila betri.

Jumapili, 9 Juni
Naandika nikiwa mkutanoni. Zamu aliyoachiwa jirani inakwisha leo: mfereji wake utafungwa saa kumi na mbili jioni. Nikisema sasa, shangazi atapata walau maji ya jioni moja. Zamu nyingine ni baada ya wiki tatu, na maua hayasubiri.
Asubuhi nilimkuta na ndoo, akimwagilia mstari kwa mstari. Kila apitaye, shangazi humwambia kuwa anaosha tu vumbi la majani. Nilipofungua mdomo, akanikabidhi ndoo ya pili. "Nyamaza, watakusikia."
Nimeandaa maelezo. Kurasa nne: historia ya ramani, nafasi ya fundi, mipaka ya hesabu. Neno "nimekosea" lipo ukurasa wa nne, kwenye tanbihi.
Jirani amesimama kuisifu rada. Anaomba mashamba yote yagawiwe maji kwa vipimo vyangu. Mwenyekiti anauliza nani ana la kusema — kwa kifupi, maana muda umekwisha.
Natafuta ukurasa wa kwanza.