Siku za Mapumziko za Nondo

Juu ya duka la fundi saa,
Ngazi ya nyuma.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mpwa wangu, Dada Mkubwa,

Hujambo mama? Mkwe wetu hajambo, na wajukuu zangu hawajambo? Kile kifua cha mdogo kimeachia? Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Goti langu la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi, na mkaza mjomba wako analalamika kwamba ninalalamika, kwa hiyo nyumba haijapooza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Wiki iliyopita neno langu la kwanza lilikuwa "haloo" na la pili lilikuwa "haya, kwaheri". Yote ya katikati yalikuwa yako. Sikukasirika. Ulimwona kwenye runinga mdogo wako akitolewa uwanjani kwa machela, wewe uko mbali, zamu ya hospitali haijaisha, na huna mkono wa kumshika. Mtu yeyote angefoka. Lakini karatasi haikatizwi maneno, kwa hiyo leo utanisikiliza.

Kwanza hali yake. Msuli wa nyuma ya paja la kulia umechanika, haukukaza tu kama walivyosema redioni. Daktari wa timu alimweleza mbele yangu bila kumung'unya maneno. Akitulia mpaka msuli uunge, atacheza kama zamani. Ukichanika tena palepale, mpira wa kulipwa ndiyo basi. Wewe ni muuguzi, haya unayajua kuliko mimi. Kila kitu sasa kinategemea kama Nondo anaweza kukaa kitako, na tabia ya mdogo wako unaifahamu.

Sasa nije kwenye lawama zako. Ulisema sisi makocha tumewalea wachezaji kama mayai, tunawalegeza wiki nzima halafu tunawapeleka vitani. Sheria unayoisema ipo. Tangu msimu huu ligi imeamua mazoezi ya kukabana na kugongana yawe siku moja tu kwa wiki. Siku nyingine ni mazoezi mepesi, na ziko siku za mapumziko kamili, marufuku hata kuonekana kiwanjani. Mimi kama kocha wa viungo niliipokea kwa shingo upande. Enzi zetu kocha haridhiki mpaka mtu atapike.

Je, inapunguza majeraha au inayaongeza? Sijui, mama, na anayekwambia anajua anatia chumvi. Mazoezini wanaoumia wamepungua, hilo naliona kwa macho yangu. Chumba cha matibabu zamani kilikuwa kama kituo cha basi, siku hizi daktari anakunywa chai yake ikiwa bado ya moto. Kipa wetu mzee, yule mwenye mgongo mbovu, anasema sheria hii ndiyo iliyomfanya asistaafu. Lakini kwenye mechi hizi za mwanzo misuli inachanika kuliko mwaka jana, na Nondo si wa kwanza. Kocha mkuu anasema miili imelala. Daktari anasema kosa ni la kocha mkuu, anayeshindilia kazi ya wiki nzima kwenye ile siku moja inayoruhusiwa. Mimi niko katikati yao na filimbi yangu shingoni.

Nilikuwa bado katika hali hiyo ya sijui niamini nini nilipokwenda kumpelekea Nondo magongo. Pale chini ya ngazi ya jengo analokaa kuna fundi cherehani, mtu mstaarabu sana. Alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama klabu imeacha kulipa mishahara, maana anaona Nondo ameanza kuuza gesi.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kila siku ya mapumziko, mchana kweupe, humwona Nondo akipanda na mtungi wa gesi begani mpaka gorofa ya juu kabisa, anashuka nao, anapanda nao tena. Mama mmoja wa gorofa ya tatu alimwagizia mtungi, na mdogo wako, kwa kuona aibu kujieleza, akaenda akamletea. Tena akamfungia na jiko.

Nilipanda juu nikaukuta mtungi wenyewe nyuma ya mlango, umezungushiwa taulo usimchubue bega. Nikamwuliza ni wa nini. Akatazama kucha zake weee, halafu akamwaga yote. Kila siku tuliyomwambia apumzike, alipanda ngazi. Alipanda hata siku moja kabla ya mechi. Kwa hiyo ule mguu alioingia nao uwanjani, mama, haukuwa umelala. Ulikuwa hoi.

Na mambo yalikuwa yamefika pabaya, kwa sababu wachezaji walishaitisha kikao Ijumaa wapige kura kuiomba ligi ifute sheria, na mfano wao mkubwa ulikuwa paja la Nondo. Yule kipa mzee alikuwa hana raha. Sheria ikifutwa, mgongo wake hauvuki msimu. Nikamwambia Nondo kwamba sitamsema, na wala sitamsemea. Aamue mwenyewe.

Akaja na magongo yake mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Wenzake wakampigia makofi, wakampa kiti cha mbele. Akapiga moyo konde akawaambia habari ya mtungi, na kwamba wasimtaje kwenye ombi lao kwa sababu mapumziko yenyewe hajawahi kuyaonja. Halafu winga wetu akakohoa, akasema yeye siku za mapumziko husukuma gari la baba mkwe wake, na mzee wa watu anadhani betri ni mbovu, kabadilisha mbili. Beki wa kulia anaruka kamba gorofani kwake mpaka jirani wa chini amemshtaki kwa mwenye nyumba. Hapo kila mmoja akaanza kutoa lake. Kipa akasimama akauliza kama humu ndani yuko mtu yeyote, ukimwondoa yeye, aliyewahi kupumzika. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Tulicheka mpaka kocha mkuu akatoa kitambaa akajifuta machozi. Lakini nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Tumebishana miezi yote hii kama mazoezi mepesi yanawavunja vijana au yanawaponya, kumbe mazoezi mepesi hayajafanywa na mtu. Kura imeahirishwa. Kocha mkuu amekubali kuigawa ile kazi aliyokuwa akiishindilia siku moja, nao wameapa kupumzika kweli, chini ya ulinzi wa wake zao. Mwisho wa msimu ndipo tutajua.

Sasa naja kwenye jambo lililonishikisha kalamu, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Nilimwuliza Nondo kwa nini. Nilidhani atamtaja yule kijana mpya anayewania namba yake. Alikutaja wewe. Alisema siku zake za mapumziko ndizo unazompigia, na unamwuliza yuko wapi. Akisema nyumbani, unamwambia, "Umelala? Wenzako wanakimbia saa hizi."

Sikulaumu, mwanangu. Nikikulaumu nitakuwa mtovu wa shukrani. Dada yangu alipofariki wewe ulikuwa bado na sare ya shule, na huyu alikuwa anajifunza kufunga kamba za viatu. Ni wewe uliyemtoa kitandani alfajiri na kumfuata nyuma kwa baiskeli akikimbia. Wakati huo kulala kungemmaliza, na ulikuwa na haki ya kuogopa. Bila sauti yako asingekuwa Nondo, angekuwa kijana fulani tu wa kijiweni. Lakini sauti hiyo anaisikia hata usipopiga.

Juzi ulipopiga tulikuwa naye hapa sebuleni, maana tangu kile kikao tumemhamishia kwetu. Amekaa kama daktari alivyomwagiza, mguu umenyooshwa juu ya mto. Alipoona ni wewe, alishika magongo akasimama kwanza, ndipo akapokea. Aliongea na wewe kwa kusimama mwanzo mpaka mwisho, jasho linamtoka, ili ukimwuliza kama amelala asikudanganye. Mkaza mjomba wako alikwenda jikoni, na hakuwa anapika kitu.

Kwa hiyo nakuomba, mama. Daktari amesema, mimi nimesema, mke wangu amemfokea, na yote yamepita sikio hili yakatokea lile. Mwambie wewe. Tumia sauti ileile uliyokuwa ukimwamshia. Kazi yako kila siku ni kuwalaza watu wazima wasiotaka kulala, kwa hiyo usiniambie huyu mmoja anakushinda. Usimwulize mguu utapona lini. Mwambie alale, na kwamba hata akiamka asiucheze mpira tena maisha yake yote, dada anaye.

Msalimie sana mkwe wetu, mwambie lile koti alilonitumia linanitosha vizuri tumboni, mabegani ndiyo kazi. Wabusu wajukuu. Fundi saa anakusalimu, bado anauliza utarudi lini. Mkaza mjomba wako anasema upunguze zamu, na kwa hili namuunga mkono.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi na wewe.

Ni mimi, mjomba wako nikupendaye siku zote,
Mjomba Filimbi.

Nimemwuliza Nondo nikupelekee salamu gani. Amesema nikuandikie kwamba anaendelea vizuri na ameanza kukimbia kidogo kidogo. Hajaanza kukimbia. Amekaa hapa mbele yangu, na simu ameiweka karibu na magongo.