Kiberiti cha Nayab

Tufail ndugu yangu, nimekwisha. Usinipigie, soma tu.

Wanawake wa upande wa bwana harusi wamekuja leo kukagua vitu ambavyo binti yangu Nayab ataolewa navyo. Mama mkwe wake, Begum Surayya, akalibonyeza lile sofa nililomshonea kwa mikono yangu, akacheka. "Fundi mzima unampa binti yako plastiki?"

Ningenyamaza tu, yangeisha. Nikasema ni ngozi halisi ya ng'ombe. Nayab nilishamdanganya hivyohivyo tangu mwezi uliopita.

Binti akamgeukia mkwewe, akawaka. "Mama, Abba wangu hasemi uongo! Ngozi ya kweli haiyeyuki. Ikiungua hunuka kama nywele."

Nani alimfundisha kupima hivyo? Mimi! Karakanani, akiwa na miaka saba.

Akawasha kiberiti. Yeye mwenyewe, Tufail! Niliuona mkono wake ukienda nyuma ya sofa, na sikuuzuia.

Ikayeyuka. Ikadondoka kama nta nyeusi, chumba kizima kikanuka ndoo ya plastiki iliyoungua.

Begum akamwambia Nayab, bila hata kupaza sauti: "Harusi ni Ijumaa vilevile, mwanangu. Sofa hili tutaliweka sebuleni, tundu liwaelekee wageni. Atakayeuliza, utamweleza wewe."

Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nayab hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

Sasa amejifungia chumbani. Nimegonga mara tatu. Mara ya tatu ndipo aliponijibu: "Kazi yako imekwisha, fundi. Nenda."

Tangu ajue kusema ananiita Abba, Tufail. Fundi!