Dole Gumba la Issa

Newala, Jumanne, alasiri imeshapita.

Jua la leo limekausha hata mate mdomoni. Mvua bado, vumbi limejaa hadi ndani ya daftari hili.

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza, sababu zake zitafuata.

Ijumaa asubuhi lori la hospitali ya misheni linashuka Mtwara, na ndani yake atakuwemo mtoto wa Somoe, dada yangu aliyefariki kwa uzazi. Ana miaka minne na nusu. Atapanda meli pamoja na Daktari na mkewe, waende kwao Uingereza, awe mtoto wao maisha yake yote. Iko karatasi ya serikali. Ina mhuri, ina sahihi ya Bwana DC, na chini kabisa lipo dole gumba la baba wa mtoto, shemeji yangu Issa.

Mimi ndiye mjomba wake, na habari hii nimeipata juzi kwa dereva wa lori, kule Masasi kwenye ghala la korosho ninakofanya ukarani. Aliniambia huku anatafuna muhogo. Alidhani najua. Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la kwanza, na njia nzima nikawa narudia moyoni kwamba ukoo mzima haukuwa na mtu wa kunipa habari.

Asubuhi nimekwenda moja kwa moja bomani, sijanawa hata uso. Bwana DC amenipokea vizuri, sina la kumsingizia. Amenipa kiti. Nimemweleza kwamba kwetu mtoto ni wa ujombani. Baba anamzaa, anampenda, anamlisha, lakini mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Hakuna mtu wa huku juu Newala asiyelijua hilo, awe wa msikitini au wa kanisani. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeuzia karatasi nione mwenyewe. Pana mahali pa baba. Pana mahali pa mama, na hapo pameandikwa kwamba amefariki. Mahali pa mjomba hapana.

Miaka yote hii wanatutawala, wametuhesabia nyumba na vichwa, na bado hawajui mtoto ni wa nani.

Na jina wameshambandika. Kwenye karatasi anaitwa Rose. Nani amewapa ruhusa ya kumpa jina mtoto wa watu?

Kutoka bomani nikaenda hospitali. Nyumba ya Daktari ina tangi la maji ya mvua, na mtoto anaogeshwa kila siku, wakati mama yangu anabana debe moja la maji siku tatu kwa sababu magoti hayamruhusu tena kushuka bondeni. Nilimkuta Memsahib, mke wa Daktari, anafunga masanduku. Mtoto alikuwa amevaa viatu na soksi. Aliniamkia vizuri kabisa: "Shikamoo, bwana."

Bwana.

Nikaitikia marahaba, nikamwambia mimi ni mjomba wake. Alimtazama Memsahib kwanza, ndipo akanitazama mimi. Kisha akarudi kwenye mchezo wake wa kupanga vifuniko vya chupa.

Memsahib hana sauti ya ukali. Amemlea tangu ana siku tano, kwa maziwa ya kopo, na sikatai kwamba bila yeye tungekuwa na makaburi mawili. Akaniambia hatamficha mtoto alikotoka. Atamwonyesha picha za Newala. Atatuandikia barua kila mwaka. Nikamwuliza siku mtoto akivunja ungo ni nani atakayemtia ndani na kumfunda, hizo picha? Akaniuliza kwa upole: "Na wewe, ukimchukua, utamweka wapi?"

Nikamwambia hilo halimhusu. Ukweli ni kwamba nina chumba kimoja cha kupanga kule Lisekese, Masasi, sina mke, na mchana kutwa niko kwenye mizani.

Hasira yote ile nikaipeleka kwa Issa. Nilimkuta shambani, chini ya mikorosho, anaokota. Yale niliyomwita sitayaandika hapa, maana daftari hili huenda likasomwa na watoto siku moja. Nilimwambia ameigawa damu yetu kwa wageni kama mtu anayegawa kifaranga. Yeye alisimama na kikapu chake mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akanichotea maji kwenye kata, na kwa ukame huu si kila mtu angefanya hivyo baada ya matusi yale.

"Shemeji," akasema, "walinijia mara tatu na ile karatasi. Mara zote nikawaambia mwenye mtoto yuko Masasi. Wanatikisa vichwa tu, wanarudi tena. Sasa mimi nilijua dole langu haliwezi kumtoa mtoto yule. Nitatoaje kisicho changu? Nikawawekea ili wanipishe nirudi shambani. Nikajua wakitaka kumchukua kweli, watakuja kwako."

Nilikaa chini, pale pale kwenye majani makavu.

Kwa sababu ni kweli. Mwanamume yeyote wa hapa angefanya vile vile. Kwa Wazungu dole lile ndilo shauri lote. Kwa Issa lilikuwa doa la wino tu, kwa kuwa kwetu neno la baba halimwondoi mtoto kwenye ukoo wa mama yake.

Nikamwuliza, sasa sauti imeshuka, kwa nini hakuniletea habari. Akaangalia pembeni. "Nilituma watu mara mbili, shemeji. Njoo, kuna shauri la mtoto. Ndivyo nilivyowatuma waseme."

Nikakumbuka. Mara ya kwanza nilikuwa napima magunia, nikasema nimesikia. Mara ya pili nikasema nitakwenda msimu ukiisha. Sikuuliza hata ni shauri gani.

Nililisahau kabisa. Au nililitupa makusudi, sijui.

Kabla sijaondoka nilimwona ametenga korosho za kukaanga, kubwa kubwa, kazifunga kwenye kitambaa. Akasema ni za mwanae. Kila Ijumaa baada ya sala humpelekea, wakakaa kwenye benchi la hospitali, akamfundisha kuhesabu kwa Kimakonde. Kila Ijumaa, miaka minne. Mimi tangu mtoto azaliwe nimemwona mara tatu, na leo ikiwemo.

Nikamwambia lori linaondoka Ijumaa asubuhi, kabla ya sala. Mkono wake ukasimama juu ya fundo la kile kitambaa, na hakulimalizia.

Kesho tunakwenda bomani wote wawili. Issa amekubali kusimama mbele ya Bwana DC na kusema kwa kinywa chake kwamba dole lake halina nguvu, kwamba hana kauli juu ya mtoto aliyemzaa. Sijui mimi ningeweza kulisema jambo kama hilo mbele ya Mzungu na makarani wake. Ameniambia tu, "Lakini atauliza mtoto anakwenda kwa nani. Hapo mimi nitanyamaza, utasema wewe."

Nitasema. Nitasema mwenye kauli ni mimi, na kauli yangu ni kwamba mtoto akae kwa baba yake. Mama atamsaidia kulea, na mimi nitakuwa nakuja, si kwa kuitwa. Bwana DC akikataa, nitakaa kwenye ngazi za boma mpaka Ijumaa, na ghala la watu litajijua.

Bado nina hasira. Nina hasira na ile karatasi, na zile soksi, na upole wa Memsahib. Lakini nimesoma tena nilichoandika tangu juu, na kila mahali nimeandika mtoto, mtoto, mtoto. Nimewalaani Wazungu kwa kumbandika jina. Jina lake la kwetu mimi silijui. Nilimpeleka hospitali siku ya tano, mikononi mwangu, kabla hajapewa jina, na tangu siku ile sikuuliza.

Kesho Bwana DC ataniuliza anaitwa nani. Mama yuko uani, anapepeta mtama, na yeye analijua. Naona haya kumwuliza. Naweka kalamu chini, nakwenda kumwuliza sasa hivi.