Saini Chini ya Tangazo

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa leo kwenye ubao wa kantini. MAVAZI YA STAHA. Kurasa mbili, mhuri wa chuo, na mstari wa Maandiko juu kabisa ili mtu asipate pa kubishia. Wasichana: sketi ipite goti kwa vidole vinne, suruali marufuku, mikono ya blauzi ifike kiwikoni. Mistari kumi na mmoja. Wavulana: miwili. Wafunge mkanda, wasisuke nywele. Basi!

Tulisongamana pale, kila mtu anachungulia juu ya bega la mwenzake. Kijana mmoja wa uhasibu akasema angalau sasa atasoma kwa amani. Dada wa kwaya akamwambia asisingizie magoti ya watu, alifeli hata mtihani wa marudio tulipokuwa likizo. Tulicheka mpaka basi. Kisha dada huyohuyo akasema, lakini jamani, chuo ni cha kanisa, fomu mlijaza wenyewe.

Mwenzangu wa chumba — tunamwita Kijiti, mrefu, mwembamba, anainama kila mlango — akasoma mstari wa mwisho kwa sauti. Kanuni zimeridhiwa na mwakilishi wa wanafunzi. Akauliza, ni kibaraka gani huyo?

Nikacheka pamoja nao. Nilicheka!

Mwakilishi ni mimi. Sikuchaguliwa na mtu. Likizo ya Januari Mlezi wa Wanafunzi alinikuta maktaba, akasema kikao kimepungukiwa mwanafunzi mmoja, njoo binti mwenye busara. Nikaenda. Nikapewa chai. Nikapewa karatasi. Ningependa kuandika hapa kwamba sikuisoma. Niliisoma yote. Nikajiambia inawahusu wale wengine, wa nguo za kubana. Nikatia saini, tena kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 5 Machi

Getini kuna mama na futi ya fundi cherehani shingoni. Ni msimamizi wa bweni la pili, kapandishwa cheo. Tayari anaitwa Mama Futi. Unasimama, miguu pamoja, anachuchumaa, anapima. Foleni ya wasichana imefika barabarani. Wavulana wanapita pembeni, mikono mifukoni.

Wa mbele yangu anasoma sheria, mwaka wa pili. Akauliza, kwa heshima kabisa, vidole vinne vya nani? Mama Futi akamwambia, vyangu. Ana vidole vinene yule mama!

Mimi nilipita. Sketi zangu zote ni ndefu. Wala sikuwahi kuvaa fupi. Hilo ndilo linaloniuma — nilisaini kitu ambacho hakingenigusa.

Ijumaa, 7 Machi

Vijana watatu wa uhandisi wameingia darasani wamejifunga mashuka kiunoni, mpaka kwenye visigino. Eti staha. Mhadhiri mwenyewe alicheka. Wamepewa onyo la mdomo, wakapigwa picha na kila mtu, wamekuwa mashujaa.

Kijiti karefusha sketi zake mbili. Kafumua pindo, kashona usiku na mchana. Bado. Kwa mtu mwingine zingefika kwenye shavu la mguu. Kwake zinapita goti kwa vidole viwili tu. Kasema, sasa nikatwe miguu?

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Leo mtihani wa takwimu. Saa tatu. Mama Futi alihamia mlango wa ukumbi. Mimi nikapita. Kijiti nyuma yangu akazuiwa. Vidole viwili badala ya vinne. Nikasikia akibembeleza — mama, niache nifanye, ukishamaliza uniadhibu. Mama akasema kanuni ni kanuni, nenda kabadilishe.

Akakimbia bwenini. Akavaa sketi yangu ya kijivu. Yangu! Mimi namfika begani, ingemsaidia nini? Akaomba ya pili, chumba hadi chumba. Akapata gauni la dada wa kwaya, refu, pana kama hema. Akarudi anatweta. Mlango hufungwa nusu saa baada ya kuanza. Alichelewa dakika nane.

Meza yangu ilikuwa dirishani. Nilimwona nje, kalamu mkononi, gauni analishika lisiburuzike. Alinitazama. Mimi nikainamia swali la nne.

Nikaandika mpaka mwisho. Nadhani nimefaulu.

Jumanne, 11 Machi

Somo atarudia mwakani. Maana yake mwaka mzima zaidi. Na si hilo tu — alipofungiwa mlango alimwambia Mama Futi apime na akili yake pia. Sasa ameitwa kamati ya nidhamu Alhamisi kwa utovu wa adabu.

Hakulia. Kakaa kitandani anatazama ukuta. Mchana akaniambia, wewe unajua kuandika, niandikie barua ya utetezi.

Nimeandika. Kurasa tatu. Nimeuliza humo ni nani aliyewauliza wanafunzi kabla kanuni hazijapitishwa. Tena kwa mwandiko uleule mzuri. Najiogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika hapahapa kwenye benchi, nje ya ofisi ya Mlezi. Nimekuja kuwa shahidi wa Kijiti.

Baba yake amefika. Ni fundi bomba, amepanda basi la kwanza. Getini wakamzuia — mgeni haingii na ndala. Mlinzi kavua viatu vyake akampa, yeye kabaki getini na soksi. Mzee anaviburuta, vimemzidi namba tatu. Kijiti alipoviona ndipo akalia. Kwa mara ya kwanza.

Mzee kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kasema, mwanangu, wewe ndiye uliyemwandikia mwenzako ile barua? Kanitumia kwenye simu, nimeisoma mara mbili ndani ya basi. Wazazi wako walizaa mtu.

Nikasema asante baba. Nikasema asante!

Mlezi amepita sasa hivi kuingia ofisini. Kanitabasamia, kaniambia nimefanya vizuri kuja. Kijiti akaninong'oneza, anakujua? Nikasema ananifundishaga. Hafundishi chochote yule.

Katibu ametoa kichwa mlangoni, faili mkononi. Anasema kamati imesoma barua, na kabla ya mtuhumiwa wanaanza na mwakilishi aliyesaini kwenye kikao cha Januari. Mlezi amesema yuko hapa nje. Aingie.

Kwenye benchi tuko watatu.

Mzee anatazama huku na huku kwenye korido, anasogeza vile viatu nyuma apishe njia. Katibu anaita mara ya pili. Kijiti ameacha kutazama mlango, ananitazama mimi —

naendelea kuandika, sijainua kichwa