Wale Waliofunika Chakula

Tiaong, Quezon
Jumatatu ya Pasaka, 1988

Kwa Dada yangu mpendwa Perlita,

Pokea salamu za Mama, zangu mimi, na za kila mteja anayekalia kiti changu cha kinyozi akauliza kama huko Singapuri umenenepa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na yule bibi unayemtunza amejifunza kuomba maji bila kupiga kengele. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia. Mdomo wake haujatulia, kwa hiyo tunajua ana afya. Joto la mwaka huu limepita kiasi, hata kuku hawatoki kivulini bila sababu ya maana.

Nimekaa kuandika na sijui nianzie wapi. Tangu juzi kichwa changu kiko kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili. Nitakueleza mambo kama yalivyofuatana, na wewe tafadhali usiruke kurasa kutafuta mwisho, maana nakujua.

Uliniomba jambo moja. Efren Dimaculangan, huyo fundi wako wa kuchomelea meli, amekuuliza kama mtaoana, na wewe hujamjibu. Ukasema watu wake huenda kuogelea kwenye chemchemi ya Bukal kila Jumamosi inayofuata Ijumaa Kuu, na wamekubali nikashinde nao. Nile nao, nitazame wanavyosemezana, kisha nikuandikie kama hao ni watu ambao mwanamke anaweza kuzeeka kati yao. Jibu lako litatoka machoni mwangu, uliandika. Nilijiona mtu mkubwa, Dada. Nilinyoa wateja wa Jumatano nikiwa na uso wa hakimu.

Mama alioka keki ya muhogo kwenye lile sinia la bati, akaifunika kwa jani la mgomba, akaniambia niikabidhi mikononi mwa mama wa Efren na si kwa mtu mwingine yeyote. Akaongeza kwamba nisiingie majini nimeshiba, na nisiimbe. Kumbuka hayo mawili.

Bukal siku ile ilikuwa kama wilaya nzima imemwagwa pale. Ijumaa Kuu hakuna aliyethubutu kuoga, ni mwiko, kwa hiyo Jumamosi watu walikuwa wanajilipa. Kila kibanda cha makuti kilikuwa na moshi wake, sufuria zake, na shangazi wake anayegombeza watoto walio majini. Nilisimama na sinia langu nikitafuta watu ambao sijawahi kuwaona. Picha hukunitumia. Ulichonitumia ni dalili: wao ni wengi, baba mtu hupenda kuimba, mama hupikia nazi, na Efren ana mizunguko miwili ya nywele utosini, aliyorithi kwa baba yake.

Mtu mwingine angeuliza mlangoni. Mimi ni kinyozi. Nilijiambia kwamba kuuliza ni kwa wasiojua kusoma vichwa, nikaanza kupita nyuma ya watu nikitazama utosi mmoja baada ya mwingine, hadi mwanamke mmoja akavuta mkoba wake karibu. Karibu na chemchemi yenyewe nikakuta kibanda kilichojaa watu wanaocheka, harufu ya tui inatoka, na katikati mzee mwenye gitaa, kichwa kimeinama. Mizunguko miwili, Dada, iliyo wazi kabisa. Nikashukuru kazi yangu.

Nilimwendea mama aliyekuwa anageuza nyama kwenye makaa, nikasema mimi ni Crisanto, mdogo wake Perlita. Alinitazama kidogo tu, kidogo kuliko unavyotazama nzi, kisha uso ukamfunguka.

“Ah, wa Perlita! Umeshakula?”

Sinia likachukuliwa mikononi mwangu kabla sijajibu, na sahani ikaingia mahali pake. Jina lake Mama Pacita. Mumewe, yule wa gitaa, ni Mzee Turing. Keki ya Mama ilikatwa papo hapo, na waliokula walifumba macho. Nikaona ujumbe wangu umeanza vizuri.

Ila kuanzia hapo mambo hayakukaa sawa. Nilifuata maagizo yako ya kutohoji watu, kwa hiyo sikutaja jina la Efren; niliuliza kwa mbali tu habari za kijana wao aliyeko nje. Mzee Turing akasema yule ni mpishi wa meli, na tumbo linamtangulia kuingia chumbani. Nikashangaa, kwa sababu wewe uliandika ni fundi na mwembamba. Nikadhani labda amebadilisha kazi na hajakuambia. Nikasema nimesikia anaogelea vizuri. Kibanda kizima kikacheka. Mama Pacita akasema mwanawe anaogopa maji hadi leo, baharini hulala na boya la kuokolea kama mke. Nikauliza kuhusu kuoa. Mzee Turing akaweka gitaa chini ili acheke vizuri.

“Yule? Yule atamuoa sufuria.”

Nilikasirika kwa niaba yako, kisha nikachanganyikiwa, kwa sababu watu wenyewe walikuwa wazuri mno. Niliwaza hivi: mwana ni mwongo, lakini wazazi ni dhahabu. Nikuandikie nini? Mtu haolewi na wazazi. Lakini huzeeka karibu nao. Nikala sahani ya pili nikiwaza hilo, na ya tatu kwa sababu Mama Pacita hakuniuliza.

Nitakuambia sasa kuhusu kibanda cha pili, kwa sababu nilikitazama siku nzima bila kujua ninatazama nini. Palikuwa na familia iliyokaa kama iko kanisani. Baba alivaa shati la mikono mirefu, mama gauni la Jumapili, na viatu, Dada, viatu vya kufunga kamba, hapo kwenye chemchemi. Chakula chao kilikuwa mezani kimefunikwa kwa majani ya mgomba, na hakuna aliyekigusa. Watoto wao walikaa mstari mmoja kwenye benchi, wakavu, wakiwatazama watoto wetu wakirukaruka majini. Nasema “wetu” maana nilishazoea.

Nilimuuliza Mama Pacita wale wana msiba gani. Akasema hajui, labda wana nadhiri. Mzee Turing akasema wanamngoja askofu aje abariki samaki. Mama Pacita, ambaye hawezi kuona mtu hajala, akawapelekea sahani ya nyama, nayo ikarudi na shukrani nyingi pamoja na ujumbe kwamba wasamehewe, wanamngoja mgeni wao.

Nikasema, nikiwa na kipande mdomoni, kwamba mgeni wa namna hiyo hana adabu na hastahili kungojewa. Wote waliafiki. Moyoni nikamshukuru Mungu kwamba Perlita wetu hataingia kwenye nyumba ya watu waliokauka hivyo.

Baada ya hapo nikaogelea, nimeshiba, nikiwa nimevaa kaptula ya Mzee Turing ambayo ilitaka kubaki majini. Halafu gitaa likanifikia. Mama alikataza, najua. Niliimba wimbo mmoja, wakapiga makofi, nikaimba mingine. Kulikuwa na binamu yao mmoja, jina lake Lourdes, mwalimu ambaye hajaolewa, na kila nikiimba walimsukuma kwa kiwiko wakimwambia mwalimu angalia, huyu ananyoa bure. Sitasema zaidi kuhusu hilo.

Jua lilipoanza kushuka watu wakafunga vyombo. Mama Pacita alinivuta pembeni na sinia letu, likiwa tupu na limeoshwa. Akashusha sauti. Akasema nisimuelewe vibaya, kwamba wamefurahi na mimi na mwakani nije tena, lakini kuna jambo limemzunguka kichwani tangu asubuhi.

“Mwanangu, samahani sana. Wewe hasa ni wa nani?”

Nikasema ni mdogo wake Perlita. Akasema hilo amelisikia, na Perlita ni nani? Yeye alidhani Perlita ni rafiki wa Lourdes. Lourdes alidhani ni mtu wa kanisani kwa Mzee Turing. Mzee Turing hakudhani kitu, alifurahi tu kupata mwimbaji. Kila mmoja aliamini mwingine ananijua, na kumuuliza mgeni ametoka wapi wakati anakula ni aibu ambayo hakuna aliyetaka kuibeba. Nikamtajia jina la Efren Dimaculangan. Hakunyoosha kidole. Alisogeza midomo tu, taratibu, kuelekea kibanda cha pili.

Dada, niligeuka nikakitazama kile kibanda upya.

Wale waliofunika chakula walikuwa wananingoja mimi. Toka asubuhi. Walikuwa wamenitazama nikila, nikiogelea, nikiimba, bila kujua ndiye mimi, maana picha yangu nayo hukuituma. Na mizunguko miwili ya Mzee Turing, sasa nakumbuka, hata diwani wetu anayo, hata mbuzi wa jirani.

Nilitaka kukimbia. Mama Pacita akanishika mkono. Akatwaa sinia tupu la Mama, akalijaza nyama yake iliyobaki ili nisiende mikono mitupu, akanitanguliza, na ukoo wake wote ukatufuata nyuma kama mashahidi. Ndivyo nilivyofika kwa wakwe zako: kaptula ya kuazima, nywele zinadondoka maji, zawadi ya kuazima, na kundi la watu wasionihusu.

Mzee Ambrosio, baba yake Efren, alisimama. Ni mtu wa maneno machache, na kuimba kwake sijakusikia bado. Nahisi ulimsifu kupita kiasi. Alinitazama juu hadi chini.

“Wewe ndiye uliyekuwa ukiimba?”

Nikakiri. Mama Pacita akaanza kueleza kwa sauti kubwa, akijilaumu yeye, mumewe na Lourdes kwa zamu. Mama yake Efren, Mama Rosenda, alimsikiliza hadi mwisho. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na mikono yake ilikuwa inashikilia ukingo wa meza. Hakunikasirikia. Ingekuwa nafuu. Aliniambia polepole kwamba mwanawe aliandika kuwa ndugu wa bibi arusi ataleta jibu. Saa zilipopita wakajua jibu ni lipi, na mumewe alitaka wafungashe, lakini yeye akasema wangoje bado kidogo, labda watu wa Tiaong wana namna yao ya kukataa, na si vizuri kukataliwa huku unatafuna.

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Wewe uliniambia nikatazame tu. Efren amewaambia naleta jibu. Kati yenu wawili yuko aliyeandika nusu ya habari, na nusu nyingine ikaniangukia mimi, nikiwa nimeshika nyama ya kuazima.

Kisha Mama Rosenda akaniuliza. Jambo hili silisemi kwa mzaha, Dada. Aliuliza akinitazama usoni.

“Tuambie tu, mwanangu. Amekataa?”

Sasa nakuomba uweke chini chochote ulichoshika.

Nilisema, “Amekubali, Mama.”

Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Yule mama hakupiga kelele. Alianza kufunua majani, moja moja, akiyakunja vizuri, kisha bila kugeuka akawaambia watoto waende. Hawakuvua hata viatu. Waliruka majini wote pamoja, na Mzee Ambrosio akatazama pembeni akijipangusa uso kwa mkono wa shati. Nikala chakula cha mchana mara ya pili: samaki waliolala kwenye chungu tangu Ijumaa, na wali wa nazi uliopoa. Sikuweza kupumua, lakini nilimaliza kila kilichowekwa mbele yangu, na ukoo wa Mama Pacita ukanisaidia.

Tangu hapo najihoji. Sijui kama nilisema vile kwa aibu, au kwa shibe, au kwa sababu macho uliyoyatuma yalikuwa yameona kitu. Nilikaa na watu wachangamfu siku nzima nikawapenda, na wale niliowacheka ndio waliokaa na njaa kwa ajili yangu. Ukiniuliza ni watu wa namna gani, najua jambo dogo tu: mwanamke yule angengoja hadi giza. Kama hilo ni jambo jema la kuzeeka karibu nalo, wewe ndiye unayejua, si mimi.

Ila ufanye haraka. Watakuja nyumbani kutupigia hodi rasmi Jumapili ya mwisho ya Mei, pamoja na nguruwe mzima. Ukoo wa Mama Pacita nao unakuja, kwa sababu wanasema bila wao uchumba huu usingejulikana. Nimemweleza Mama yote. Akauliza kama keki ilisifiwa na ni upande upi. Sasa anapaka chokaa ukuta wa mbele.

Mama anakusalimu tena, anakuombea, na anasema uvae soksi kwenye sakafu za hao matajiri. Msalimie Efren, kama bado mnasalimiana. Sijui hata nimwite nani, shemeji au jirani. Ukiona jibu ni ndiyo, niandikie neno moja nitalielewa. Likiwa ni hapana, Dada, nakusihi umtafute mtu mwingine wa kulifikisha, maana mimi sitaweza kulitamka mbele ya yule mama hata ukinilisha siku nzima.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa na mwenye kuvimbiwa,
Crisanto