Koti Ulilozikwa Nalo

Kaka Ombeni,

Jumatatu umeme ulikatika. Hiyo kwa Tunduma si habari, ila ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na seva ya ofisi ikazimika. Nikaiwasha. Ikaamka vizuri kabisa, lakini tupu. Nyaraka za forodha za malori yote ya wateja wetu hazionekani.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Seva haijui kwake, mdogo wangu. Usipoielekeza inapoamka, itakaa popote." Nikaizima, nikaiwasha tena huku nikiiandikia maelekezo yako: folda ya kumbukumbu, kiasi cha memori, namba ya mlango inakopokelea maombi ya kompyuta zetu. Hayo matatu ninayo kichwani. La nne ni ule ufunguo mrefu wa herufi na namba, ambao bila huo kumbukumbu hazisomeki. Hukutaka kuuhifadhi kwenye mashine, ulisema mwizi akiibeba asibebe na ufunguo. Uliuandika kwenye kipande cha boksi la majani ya chai, ukakitia mfuko wa ndani wa koti lako la kaki.

Kaka, lile koti nililipeleka mimi.

Shangazi yako alipiga simu kwamba uzikwe na nguo uliyoizoea. Nikalitoa kwenye kiti chako, nikalipiga pasi nalia. Mkono ukagusa kitu kigumu mfukoni. Sikuangalia hata! Nikafunga kifungo ili kisidondoke njiani kwenda kijijini kwenu Msangano. Nina hasira na wewe kwa kutonionyesha ufunguo ule, halafu najichukia mwenyewe zaidi.

Bila nyaraka malori yetu hayavuki mpaka, foleni imefika hadi Mpemba. Madereva wa Zambia wanagonga dirisha, "Mwe bantu, enyi watu, tumechoka!" Jana bosi aliniita, akauliza kwa upole ulionitisha, "Una uhakika hakuzikwa na kile kipande cha boksi? Maana kaburi bado bichi."

Nikamwambia nilikichoma mimi nikisafisha meza, nikidhani takataka. Akatukana, kisha akasema Ijumaa nirudishe funguo za ofisi. Miaka minne uliyonifundisha imeishia hapo, na kosa litabaki na jina langu mjini. Sina nguvu hata ya kutafuta kazi nyingine. Nakaa tu naangalia kiti chako.

Kwaheri, kaka. Nakuahidi hakuna jembe litakalokugusa. Lala na koti lako.

Mdogo wako,
Tumaini