Fimbo ya San Melitón

San Melitón, milimani
Mwisho wa kuchuma kahawa

Kaka yangu Nazario,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za yule punda aliyekupiga teke. U hali gani huko Houston? Kifua kimekuachia? Sisi tu wazima, mahindi yamo ghalani, baridi ndiyo inatutafuna. Ila mimi situlii. Naandika nikiinuka kila mara, mara nikoroge uji, mara nichungulie njia. Nivumilie.

Baba ndiye aliyeniagiza nikuandikie, basi nianze naye. Magoti yamemwishia. Siku ya kuibeba sanamu ya mtakatifu wetu akamwamkie mwenzake wa mji jirani wa Azacualito, tulimsihi Baba abaki nyumbani. Akafoka kwamba fimbo ya uongozi wa mji haijawahi kushikwa na mtu wa nyumba nyingine, na atakwenda hata kwa kutambaa. Si unamjua.

Mwaka huu ziara ilikuwa ya kutisha. Tangu chemchemi ya mlimani ipungue, ni matusi tu. Vijana wa Azacualito waling'oa mpira wetu wa maji, wetu nao wakapanda na mapanga. Kila mtu alisema fimbo mbili, yetu na yao, zisipokumbatiana, damu itamwagika kama enzi za babu.

Tukaenda, ngoma mbele, mtakatifu mabegani. Pale penye msalaba, katikati ya miji yetu, wenzetu walikuwa wamesimama wamenuna kama waliolishwa ndimu. Mzee Braulio, mshika fimbo wao, akapiga hatua. Baba naye akapiga hatua, goti likakataa, akaanguka. Fimbo ikamponyoka. Nazario, unajua ikigusa udongo kabla ya kukumbatiana hakuna amani mwaka mzima. Nilikuwa nyuma yake na kapu la chakula. Nikalitupa kapu, nikaidaka fimbo.

Mmoja wao akapaza sauti: "Ala! San Melitón wanaume wamekwisha? Mnatuletea sketi?" Wakaangua kicheko, na hasira zikanipanda. Nikamwambia wanaume wetu wako Houston wanaosha vyombo vya watu, anayechota maji ni mimi, na mwenye neno kuhusu maji aongee na mchotaji. Mchekeshaji wao, yule mwenye kinyago, akajigaragaza chini akipiga kelele: "Jamani tubadilishane! Tupeni huyo, chukueni wazee wetu wote!" Mzee Braulio akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akanikumbatia, fimbo kwa fimbo. Jioni, kwenye pombe ya mahindi, mimi na yeye tukapatana zamu: wao wachote asubuhi, sisi alasiri. Mpaka leo hakuna aliyegusa mpira wa mwenzake.

Sasa wazee wetu hawalali. Wanasema dada hawezi kushika fimbo na kaka yu hai. Azacualito watakuja kwetu kurudisha ziara kabla ya mvua, na fimbo lazima iwe na mwenyewe. Ndipo Baba akaniita, akasema niandike hivi: "Mwambie mwanangu aache vyote arudi, fimbo ni yake." Nimeandika. Agizo nimelitimiza.

Haya yanayofuata Baba hayajui. Kaka, usirudi kwa ajili ya fimbo. Naitaka mimi. Naona aibu kukuambia, lakini bora niione aibu kuliko niendelee kuzunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tangu siku ile kila nipitapo naitazama ukutani. Wanawake wananisimamisha chemchemini kuniuliza zamu, na Mzee Braulio hutuma mtu kuniuliza mimi, si Baba. Nikiwaza utaishika wewe, usiyemjua hata kijana mmoja wa Azacualito kwa jina, roho inaniuma kweli kweli. Ukija nitakukabidhi mbele ya watu, maana mimi si mwizi na Baba ni Baba. Ila usinitake nicheke.

Shangazi Domitila anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Baba anakusalimu mno. Kila basi likipanda mlima anatoka mlangoni kukungoja. Mimi nakupenda, kaka, na sikungoji.

Dada yako,
Eulogia